Aika, mbwa atatoka mwenyewe

Mwanangu Aika,

Mama yako anasema haya yote ningekuambia kwa simu. Kwa simu unaniitikia "sawa baba, sawa baba" huku nasikia unakatakata vitunguu. Kwa hiyo nimekaa mezani, masanduku yamejaa sebuleni, ndugu yako Elia amelala sakafuni kamkumbatia mbwa na hataki kufunga begi lake, na mimi naandika. Ukimaliza kusoma ibandike kwenye mlango wa friji.

Nimeangalia utabiri wa hali ya hewa asubuhi. Sisi tunaruka Ijumaa kutoka Manchester kwenda Krismasi kwa bibi yako Marangu. Kuanzia Jumamosi usiku joto linashuka chini ya sifuri, na mchana halipandi kwa maana yoyote. Yaani baridi kali ya kwanza ya mwaka huu inakukuta peke yako na mbwa wetu Meku, na mabwawa yote ya bonde la Porter hapa Sheffield, kuanzia Endcliffe Park mpaka Forge Dam, yatashika barafu. Naanza na hilo na nitalirudia, usinune. Meku akikimbilia juu ya barafu, usimfuate. Hata hatua moja. Hata kama pale ukingoni umekanyaga na pakawa pagumu. Hata kama amezama mpaka shingoni na anakulilia wewe.

Ile ya mwaka juzi siisimulii. Ulikuwepo.

Wewe ni nesi sasa, mwili wa binadamu unaujua kuliko mimi, lakini nisikilize. Watu wanadhani maji ya barafu yanaua kwa kukugandisha polepole, kwamba utapata muda wa kuogelea, umshike mbwa, mtoke. Zimamoto waliokuja kutufundisha kazini walisema pumzi ndiyo inayotangulia kukusaliti. Ukitumbukia tu, mwili unavuta hewa kwa nguvu bila kukuuliza, na kama mdomo uko chini ya maji, unachovuta ni maji. Dakika ya kwanza ndiyo hiyo. Ukiipita, mikono na miguu inaanza kukataa kazi, hata kwa mtu anayejua kuogelea. Na wewe kuogelea ulijifunza kwenye bwawa la shule lenye maji ya vuguvugu, usijidanganye.

Unakumbuka ya Solihull, Desemba 2022. Watoto wanne, wote wavulana, mkubwa wao miaka 11, walikwenda kucheza kwenye ziwa la Babbs Mill lililoganda, na wote wanne wakafa. Askari mmoja alipigapiga barafu kwa ngumi akijaribu kuwafikia. Wiki ile nilikuwa naendesha basi na abiria wote kimya. Sijawahi kuona basi la Sheffield limenyamaza vile saa za shule kutoka. Hawa hawakuwa na mbwa, najua utasema. Lakini barafu haiulizi umekuja na nani.

Sasa kuhusu hayo mabwawa yetu. Usiyaone yametulia ukadhani ni maji yaliyolala. Mengi yalichimbwa kwa ajili ya wanoaji wa visu ili maji yasukume magurudumu yao, ndiyo maana pale Shepherd Wheel gurudumu bado lipo na siku za maonyesho linazungushwa. Maji yanaingia upande huu, yanatokea upande ule, na chini ya barafu yanaendelea kutembea. Panapotembea maji, barafu inakuwa nyembamba. Ukingoni itakubeba, hatua ya nne haikubebi, na kwa macho huwezi kupambanua. Tena bata wanasimama juu yake, wamejipanga, wanamtazama Meku. Bata ana uzito gani? Meku ana kilo 28, daktari wa mifugo amempima mwezi uliopita na kusema apungue. Wewe unazidi mara mbili ya hapo. Yeye anaona bata, haoni hesabu.

Kwa hiyo akiingia, fanya hivi. Baki nchi kavu. Mwite kwa sauti ya furaha, ile ya chakula, si ya ugomvi. Tembea ukingoni mpaka mahali ambapo ukingo umelala na anaweza kupanda, usimame hapo uendelee kumwita, maana atakuja uliko wewe, na ukisimama kwenye ukuta wa mawe atahangaika na ukuta. Mbwa wengi hutoka wenyewe. Ana miguu minne, ana manyoya, ana mafuta zaidi ya yanayohitajika kwa sababu mama yako hawezi kula peke yake. Piga 999 uombe zimamoto, useme bwawa gani na upande gani: wa mkahawa, wa mchezo wa watoto, wa daraja. Kama kuna boya pale kwenye nguzo, litupe. Na akitumbukia mtu badala ya mbwa, ni vivyo hivyo: unapiga simu, unatupa boya, kamba, tawi, skafu yako, chochote, ila humwendei. Najua kwa kazi yako hilo ni gumu kuliko la mbwa.

Na kama, Mungu apishe mbali, ni wewe umetumbukia: usipige kelele kwanza, ngoja pumzi yako itulie. Tandaza mikono juu ya barafu, geukia kule ulikotoka kwa sababu kule angalau kulikubeba, piga miguu kwa nyuma mpaka ulale kifudifudi juu yake, halafu bingirika. Usisimame mpaka ushike majani.

Lakini hayo yote ni ya mtu aliyekwisha kosea. Dawa ni kamba. Kuanzia Jumamosi hii mpaka utakapoona udongo wa bustani umelainika tena, Meku hafunguliwi kamba popote karibu na maji. Ile kamba ya kujivuta yenye kitufe nimeificha, usiitafute. Tumia ile fupi ya ngozi iliyoko kwenye msumari wa mlangoni. Atakutazama kwa yale macho. Mwache atazame.

Najua unachojibu moyoni sasa hivi. Aliyemfungua kamba siku ile ya mwaka juzi hakuwa Aika. Sawa. Na sauti iliyopiga kelele "mkamate!" haikuwa ya Aika. Tuingie kwenye boila.

Boila ikigoma siku za baridi, kabla hujampigia fundi akakutoza pesa ya sikukuu, nenda nyuma ya nyumba. Kuna bomba jeupe la plastiki linatoka ukutani na kushuka kwenye mtaro. Lile ndilo linalotoa maji ya boila, na likiganda boila inajizima, utaisikia inabubujika kwanza. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe ya kuogea, umimine polepole kuanzia pale kwenye kona, ndipo linapoganda. Usimimine yanayotokota, plastiki itapasuka, na maji yatakayomwagika chini yataganda uteleze wewe asubuhi ukienda kazini. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha upya. Mshale wa shinikizo ukiwa kati ya 1 na 1.5 usiuguse. Usizime joto usiku eti unabana matumizi. Nimekwisha kulipia, washa.

Kuhusu kazi. Zamu ya Krismasi kumpa nesi aliyeanza Septemba, nilijua. Hata kwetu madereva mgeni ndiye anayepewa sikukuu. Sikulaumu, ingawa ungeomba likizo mapema kama mama yako alivyokuambia mwezi wa kumi, labda wangekupa hata nusu. Bibi yako Marangu ameshatangaza mpaka sokoni kwamba mjukuu wake ni nesi wa hospitali kubwa Uingereza. Wanawake watatu, anasema, wameshaandaa vidonda vya miguu wakuonyeshe. Nitawaambia nini? Nitaonyesha ile picha yako ya sare. Nimeichapisha mbili, moja ya bibi, moja ya kuzunguka nayo.

Sasa Krismasi yenyewe utafikaje kazini? Umefikiria? Tarehe 25 hakuna basi. Hakuna tramu, hakuna treni, gereji yetu inafungwa kwa kufuli. Zamu inaanza saa moja na nusu asubuhi, na jua hapa siku hizi linachomoza saa mbili na robo. Kutembea kutoka nyumbani ni kilima, gizani, na njia za waenda kwa miguu hazimwagiwi chumvi kama barabara. Ile barafu nyembamba isiyoonekana ndiyo inayovunja watu nyonga, wewe ndiye unayewapokea, sihitaji kukufundisha. Zungumza na yule mwenzako wa Walkley mwenye gari. Zungumza leo, si tarehe 24 usiku. Mpe pesa ya mafuta hata akikataa. Na ukitembea, toa hivyo vitu masikioni. Mtu anatembea gizani na mbwa, masikio ameyaziba, hasikii baiskeli, hasikii mtu nyuma yake, hasikii barafu ikilia. Mara nyingine barafu hulia kabla ya kupasuka, Aika.

Maziwa, mkate na chakula cha mbwa nunua kabla ya tarehe 24 mchana. Maduka makubwa yote yanafungwa Krismasi kwa sheria, ya mwaka 2004, duka lolote linalozidi mita za mraba 280. Vile viduka vya mtaani vingine hufungua lakini bei yake ni ya kukomoa. Nimeacha pauni 60 kwenye kopo la chai. Si za mishumaa yenye harufu.

Meku atabaki peke yake saa nyingi mno kwa zamu ya muda wa saa 12, kwa hiyo nimezungumza na Bi Margaret. Yeye atamtoa saa sita mchana, siku za zamu zako zote, na Krismasi atakuwa naye kwake mpaka urudi. Amefurahi, watoto wake mwaka huu wanakwenda kwa wakwe. Mpelekee kile kitenge alichonunua mama yako, usisahau, kiko juu ya kabati lako. Bi Margaret mwenyewe nimemwambia habari ya kamba na ya bwawa. Amekaa bonde hili tangu kuzaliwa na akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akaniambia kaka yake mkubwa alikuwa akiteleza juu ya Forge Dam na viatu vya misumari miaka ile baridi zilipokuwa baridi kweli. Nikanyamaza. Yule si mfano kwako.

Ila mweleze tena kwa upole habari ya vyakula, maana anampenda Meku kwa kumlisha. Vile vipai vyao vya Krismasi vimejaa zabibu kavu, na zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, hata chache. Ule mchanganyiko wa mkate wanaoujaza ndani ya bata mzinga una vitunguu, navyo ni sumu kwake. Chokoleti hapana. Mifupa iliyopikwa hapana kabisa: ukipika mfupa wa ndege unakuwa wa kuvunjika vipande vyenye ncha na vinatoboa utumbo. Nyama nyeupe ya bata mzinga isiyo na mchuzi, kidogo, ruksa. Karoti ruksa. Vile vikabichi vidogo wanavyochemsha mpaka vinanuka ruksa pia, ila utalala naye chumba kimoja wewe, si mimi.

Ukirudi kutoka matembezini mwoshe miguu kwa maji ya vuguvugu na umkaushe katikati ya vidole. Chumvi ya barabarani inamchubua, halafu anajilamba na kuimeza. Na pale jirani wa namba ya chini anapoegesha lile gari bovu, mvute apite haraka. Dawa ya rejeta ikidondoka ni tamu kwa mbwa na hata kiasi kidogo kinaweza kummaliza. Nimeshamwambia mwenye gari, akasema atatengeneza. Tangu kiangazi anatengeneza.

Kibati cha shingoni kimefutika maandishi. Nimeagiza kingine, kitaletwa na posta Jumatatu, kivishe siku hiyohiyo. Chipu anayo lakini sheria inataka na jina na anwani ya mwenye mbwa vionekane shingoni akiwa nje.

Nirudi kwenye lile. Saa zako za kumtembeza zitakuwa za giza asubuhi na giza jioni, kwa sababu saa tisa na dakika hamsini jua limezama. Gizani huoni maji yanaanzia wapi, hasa theluji ikifunika, ukingo na bwawa vinakuwa kitu kimoja cheupe. Kwa hiyo siku za zamu usishuke bondeni kabisa. Zunguka naye mitaani, chini ya taa, nusu saa inatosha, hatakufa kwa kukosa bata. Siku za mapumziko nendeni mchana, mpande juu kuelekea Ringinglow ukitaka, huko upepo unakata lakini hakuna bwawa la kumtamanisha. Kamba vilevile, kuna kondoo, na mkulima wa huku akikuta mbwa anafukuza kondoo wake ana bunduki na sheria iko upande wake. Redmires usiende. Yale ni mabwawa matatu ya maji ya mji, makubwa, ya kina, na siku ya wiki hakuna mtu wa kukusikia.

Boxing Day najua mtataka kwenda. Sheffield nzima inatoka na mbwa siku ile, watu wamevaa sweta mpya, wanasalimiana hata wasiojuana, jambo ambalo mwaka mzima huwapati. Mimi tarehe 26 nilikuwa nachukua zamu, malipo yake mazuri. Ninyi mlikuwa mkienda na mama yenu. Picha nimeziona zote, ile ya wewe na Elia kwenye mawe ya kuvukia pale Endcliffe, ile mbele ya ukumbusho wa wale Wamarekani kumi wa ndege iliyoanguka 1944, Elia kavaa viatu vya mvua mguu kushoto umeenda kulia. Mwaka huu ningekuwa na nafasi, na mwaka huu niko Marangu. Basi nenda na Bi Margaret, taratibu, magoti yake si mazuri. Nipigie picha. Picha ionyeshe kamba.

Jumapili Bi Margaret anataka mwende naye kijijini Dungworth kwenye ile baa wanakoimba. Nenda. Mimi nilikataa miaka mingi kwa kuwa ni baa, halafu mwaka jana nikaenda na sasa sielewi nilikuwa nakataa nini. Wazee wamebanana mpaka mlangoni, kinanda kimoja, glasi mikononi, wanaimba nyimbo za Krismasi ambazo ukienda kanisa la mjini huzisikii. Wanasema makanisa yalizitupa nje zamani sana, karne ya kumi na tisa, na watu wakahama nazo. Kila mwaka zinaanza katikati ya Novemba na kwisha Boxing Day. Ule wa wachungaji waliokuwa wakilinda kondoo usiku wanauimba kwa tuni hii, kisha wanaurudia kwa tuni nyingine, na hakuna anayelalamika. Besi wao wanaimba kama kwaya ya wababa wa usharika wetu, na mimi besi naijua. Mchungaji wa Marangu sitamwambia ilikuwa wapi.

Kule nasikia barabara imeshaanza kujaa. Mjomba wako anasema tiketi za Dar kwenda Moshi zimekwisha wiki nzima, watu wanalipa bei za mlangoni, kila Mchaga anapanda na jiko la gesi na kiroba cha mchele. Ndafu imeshachaguliwa. Bibi ameuliza kama utakula nini huku, nikasema hospitali inawapa wafanyakazi chakula cha Krismasi. Akauliza nani atakaa na wewe. Nikasema Meku. Akafurahi sana, akasema ni vizuri kukaa na mtu mzima nyumbani. Sikumsahihisha, na wewe ukipiga simu usimsahihishe. Jina hilo mlimpa ninyi, mimi nilisema kwetu mbwa haitwi jina la wazee, mkacheka. Siku bibi akijua, nitasema ni wewe.

Saa zetu zitakuwa mbele yenu kwa saa tatu. Ukitoka zamu saa mbili usiku, kule ni saa tano, bibi amelala lakini mimi nitakuwa macho. Piga. Kama mtandao umekatika tuma ujumbe, utafika nikipanda kilimani. Usiogope eti unaniamsha.

Mkesha wa mwaka mpya fataki wanaruhusiwa mpaka saa saba usiku, na wanaanza tangu jioni. Mtembeze kabla giza halijaingia, funga mapazia, washa redio kwa sauti, mwachie mlango wa bafuni wazi, maana huwa anakwenda kujilaza ndani ya beseni la kuogea. Mwache hukohuko. Lango la nyuma komelea. Mbwa aliyetishwa na fataki anakimbia bila kuangalia, na ukifungua mlango kwa pizza atapita chini ya mkono wako. Akitoroka usiku ule, unajua atakimbilia wapi? Bondeni. Atakwenda kule anakokujua. Utamfuata, lazima utamfuata, nami sikukatazi kumtafuta. Nakukataza maji. Chukua tochi, mchukue mwana wa jirani, mpite njiani, mmwite. Mkimwona katikati ya bwawa, mnasimama. Mnasimama hapohapo, Aika, mnapiga simu. Nikirudi nikakuta nyumba haina mbwa nitahuzunika, mama yako atalia, Elia hatasema nasi mpaka Pasaka. Tutaishi. Hilo lingine sijui tunaliishije.

Mapipa. Wiki ya Krismasi siku ya kuzoa taka inabadilika, kikaratasi kiko kwenye droo ya vijiko. Jeusi ni la taka za kawaida, karatasi na maboksi ni la bluu, chupa na makopo ni la kahawia. Karatasi za zawadi zenye kung'aa hazichukuliwi kwenye la bluu. Vifuko vya mavi ya mbwa ni jeusi, vifunge mara mbili, mwaka jana vilipasuka. Mti wa Krismasi ni wa plastiki, uvunje uurudishe stoo kabla hatujarudi, mama yako ana imani zake kuhusu mti kupita tarehe 6 Januari.

Kwenye friza kuna mtori kwenye makopo ya aiskrimu, makopo sita, na kuku wa kienyeji wa yule mama wa Rotherham. Mtoe kuku tarehe 23 usiku umweke kwenye friji, ayeyuke taratibu. Mpike tarehe 24 kwa sababu 25 utarudi umechoka. Pilipili iko juu.

Nimeandika mengi na mama yako amekuja kusoma begani kwangu, anasema nimeandika barafu mara nyingi mno na sikuandika hata mara moja kwamba tunakupenda. Haya, ameandika yeye hapo pembeni, umeona.

Ninachotaka kutoka kwako ni jibu la maneno. Sitaki kile kidole gumba unachonitumia kila nikikuandikia. Andika: "Baba, sitakanyaga barafu kwa ajili ya Meku." Andika kwa ukamilifu, utume kwangu na kwa mama yako, kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi, tutakuwa tunaingia uwanjani na nitazima simu.

Baba yako

Nimekumbuka: mama yako anatafuta ile mizani ndogo ya kupimia masanduku. Elia anasema ulipimia kwayo chakula cha Meku. Iko wapi?